Kufumba na Kufumbua

Oyaro amepanda tena ngazi za Luthuli,
ghorofa ya tatu, lifti haina habari tangu Pasaka,
amebeba kamera ndani ya mfuko wa unga.
Hasemi kitu. Anailaza mezani pangu
jinsi mtu anavyomlaza kuku
asiyejulikana kama ni mgonjwa au amekwisha kufa.

Hii ni ya tatu katika miaka kumi na minne.
Ya kwanza ilimzimikia mbele ya jumba la mikutano,
wageni wa Kitui wamesimama wima, wameshika pumzi.
Ya pili ilikunywa mvua ya mahafali.
Hii, anasema, haina sababu.
"Mutheu, jana ilikuwa inapumua."

Naiwasha. Inawaka, lakini haioni.
Naichomeka kwenye kompyuta, nasoma hesabu yake:
imefumba na kufumbua
mara laki moja, elfu hamsini na sita, mia tatu na tisa.
Kiwanda kiliiahidi laki moja na nusu.
Hizo za juu iliiba.

"Basi weka pazia jipya."
Spea hakuna, Oyaro. Nimeuliza Dubai, nimeuliza Guangzhou,
wananijibu kwa adabu ya watu wa matanga:
modeli hiyo tulishaizika, nunua nyingine.

Ananyoosha kidole kwenye rafu ya juu.
"Na ile?"

Ile ni ya baba, Kiilu wa Burma,
aliyepiga picha za pasipoti, za harusi, za marehemu pia,
enzi za watu kuoga kwanza ndipo wapigwe picha.
Chuma kitupu. Imeporomoka ngazi mara mbili,
imewahi kumwagikiwa chai ya maziwa.
Kila Januari naifungua,
naitilia tone moja la mafuta ya cherehani,
navuta mkono wake, nabonyeza:
kwach.
Sauti ileile iliyonitoa machozi nikiwa na miaka minne.
Umri imenizidi, na betri haijui ni mdudu gani.

Oyaro anatikisa kichwa. "Ya kale ni—"
Usimalize, namwambia.
Aibu yake naijua mimi.
Meno inayo, chakula hakuna.
Filamu moja sasa inakaribia bei ya gunia la makaa,
na fundi aliyekuwa akituoshea, kule Biashara Street,
chumba chake cha giza amekigeuza duka la wigi.
Taa nyekundu hakuing'oa.
Anasema wigi hununuliwa haraka chini yake.

Tunanyamaza. Chini, spika za dukani zinagombana.
"Babako alipiga ngapi, maisha yake yote?"
Elfu arobaini, labda. Alikuwa akihesabu:
kila mbonyezo ulikuwa nusu mkate.
"Mimi hizo nilizimaliza kwa misimu mitatu.
Majoho, mashada ya maua, wazazi kutoka Bomet,
piga, piga tena, huyu amefumba macho, piga."
Na zilizoshikwa na mkono wa mtu?
Anafikiri. "Elfu tatu.
Nyingine ziko kwenye diski. Diski moja imegoma."

Mimi nina bati la biskuti la baba.
Nikiinua kipande dirishani
naona watu wa nywele nyeupe na meno meusi
wakinichekea, na sijui hata mmoja.
Hilo nalo simwambii.

Nachomoa kadi, namkabidhi kiganjani.
Anaishika kama jino la mtoto.
Kisha nafungua kifua cha kamera:
pazia limekwama katikati,
nusu wazi, linanitazama.

Nalisukuma kwa ncha ya kidole, taratibu,
mpaka likafunga,
kama nilivyomfanyia baba, wodini, saa kumi alfajiri.

"Nikupe ngapi?" Oyaro anauliza.
Ya kuangalia tu, namwambia. Mia mbili.